Makochi ya Daktari wa Meno

Wanaume wa mtaa wetu wakistaafu hupata ugonjwa mmoja kati ya miwili: kuku au siasa. Mimi nilijiandaa kwa kuku. Nilikuwa nimeshatenga hata kona ya uani, nikajisemea moyoni, haya, tutakula mayai. Mume wangu akastaafu, akashinda wiki nzima akitazama ukuta, kisha akaniambia anataka kuleta waimbaji sebuleni.

"Waimbaji gani?" nikamuuliza.

"Wale wanaotunga wenyewe na kuimba wenyewe. Gitaa moja, hakuna spika. Watu wanakuja nyumbani, wanakaa, wanasikiliza. Mwisho kofia inapita, kila mtu anatia alichojaliwa. Mwimbaji anakula kwetu, analala kwetu, kesho yake anakwenda zake."

"Sebule ipi hiyo?"

"Kwani tunazo ngapi?"

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Sebule tunayo moja, na hiyo hiyo ndiyo karakana yangu. Mimi ni fundi wa makochi. Nayavua nguo zao za zamani, nayapa sponji mpya, nayavika upya, na mwenyewe akija hulizunguka kochi lake mara mbili kabla ya kuamini. Mtaa mzima wananiita Mama Sponji, wala sijawahi kukasirikia jina hilo, maana ndilo lililolisha watoto wangu mpaka wakapata kwao. Mume wangu alikuwa fundi redio, nao wanamwita Antena. Tulipooana watu walicheka sana, wakasema huyu wa kusikia na huyu wa kukalia, nyumba imekamilika.

Ningekataa. Ulimi ninao, wote wanaujua. Lakini kulikuwa na jambo la sikio.

Sikio la kushoto la mume wangu limekufa siku nyingi, na la kulia linalifuata taratibu. Daktari wa masikio alimwambia bila kumung'unya maneno: hili nalo litakwenda, lini sijui, tumia lililobaki kwa busara. Kwenye kumbi kubwa zenye spika haambulii kitu, anasema ni kama mtu anatwanga ndani ya kichwa chake. Lakini mtu akiimba karibu naye, bila mashine, katika chumba kidogo, anashika neno kwa neno. Sasa mtu aliyeishi maisha yake yote akifufua redio za wenzake, utamwambiaje asisikilize nyimbo na sikio bado lina pumzi? Nikakubali. Nilikubali nimenuna, lakini nilikubali.

Na nisidanganye, uziwi ule ulikuwa na faida zake. Kwake yeye, maneno "chakula tayari" aliyasikia hata akiwa kwa jirani, ila maneno "vikombe vichafu" hajawahi kuyasikia hata nikimsemea puani. Kwangu mimi, nilipata mahali pa kusemea. Nikisimama nyuma yake, upande wa kushoto, nasema nitakalo. Namwita mzee mbishi, redio mbovu, balaa niliyoletewa na mahari juu. Namsema, nashusha pumzi, kazi inaendelea. Na mara mojamoja nayasema na mengine, yale ambayo mtu wa umri wangu hayasemi kwa sauti, na hayo pia yanapita bila kusikika, nami nashukuru Mungu.

Kwa tamasha la kwanza niliyatoa makochi yote uani nikayafunika turubai. Sebule ikabaki saruji tupu na kuta nne. Wageni walikalia mabenchi ya kuazima, makreti ya soda, na ndoo zilizopinduliwa. Mwimbaji alikuwa bwana mmoja mrefu kama ngazi, akaimba juu ya baiskeli yake isiyo na breki na mambo yaliyomkuta kwenye mteremko. Mume wangu aliweka kigoda chake karibu na magoti ya yule bwana, akatega sikio la kulia kama alivyokuwa akilitega kwenye redio yenye hitilafu. Alicheka palipo pa kucheka. Palipo pa kulia alijifuta. Wageni walipoondoka alinisimulia ile baiskeli yote, kutoka juu ya kilima hadi mtaroni, nami nilimwangalia nikasema kumbe huyu mtu bado yumo.

Tatizo lilikuwa wageni. Mke wa kinyozi aliniambia nyimbo zilikuwa tamu lakini makalio yake hayakukubaliana nazo. Maneno yale yalinichoma. Watu wanakaa juu ya ndoo, kwa nani? Kwa Mama Sponji. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, sawa, lakini hawakusema awaalike na majirani waje walie gaeni pamoja naye.

Nikaanza kuitengeneza sebule. Kwanza mikeka. Kisha mito, ya kukalia na ya kuegemea. Kisha zulia, zulia lililonona, ukilikanyaga mguu unazama. Kisha mapazia mazito, kisha marobota ya sponji niliyoyapanga kutani pande zote ili watu wapate pa kulaza migongo. Mwishowe nikafika kwenye makochi ya wateja. Kochi limekwisha, linamsubiri mwenyewe, lina kazi gani nyingine? Fundi yeyote anayo sentensi ya kumrudisha mteja nyumbani kwa heshima, na ya kwangu ni "kitambaa hakijafika." Ukiisema Ijumaa, kochi linabaki mpaka Jumapili ipite. Kitambaa huwa kimefika zamani, kimeshonwa na kimekaliwa na nusu ya mtaa.

Tamasha likawa gumzo. Watu walizama kwenye sponji yangu wakasema hawajawahi kusikiliza nyimbo kwa raha namna ile. Mume wangu naye akajipa cheo. Kabla ya wimbo wa kwanza husimama katikati ya chumba na kutangaza: simu zizimwe, karanga ziliwe nje, na mwenye kukohoa akohoe sasa. Hapo sebule nzima hukohoa kwa pamoja, hata wasio na kikohozi, kisha kunakuwa kimya.

Sasa, katika raha hiyo yote, kigoda cha mume wangu kikaanza kusogea. Kila tamasha kilikwenda mbele kidogo. Ikafika siku mwimbaji mmoja akamuuliza kwa adabu kama mzee angependa kumshikia gitaa upande mmoja. Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimemwona akitazama midomo ya yule kijana badala ya kusikiliza. Na Jumapili iliyofuata alicheka katikati ya wimbo wa msiba. Alimwona mtu anatabasamu, akadhani ni mahali pa kucheka. Sebule nzima ikageuka kumtazama, naye akainamisha kichwa akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Alikuwa amevaa ndala.

Kesho yake, tunakunywa chai, akasema, "Sikio linakwisha, mama watoto."

Nilijua, lakini kujua ni kitu kimoja na kuambiwa ni kingine.

"Nimebakiza tamasha moja," akasema. "Nimempata yule mama wa Mlango."

Mama wa Mlango nilimjua kwa kumsikia tu, kama unavyomjua mke mwenza wa mbali. Zamani, mume wangu alipomaliza kutengeneza redio, hakumrudishia mwenyewe mpaka wimbo mmoja, ule wa Mlango, upite ndani yake. Wimbo wenyewe aliutunga mwanamke mmoja kwa gitaa lake, wala haukuwa ukipigwa kila siku. Wateja walisubiri, walilalamika, wengine walikuja na wazee wa kuwaombea. Antena akawaambia redio isiyoweza kupitisha wimbo ule bado haijapona. Na kilichomtesa ni hiki: hakuwahi kuusikia hadi mwisho. Kila mara ubeti wa mwisho ukikaribia, mtangazaji aliukata akaingiza matangazo. Baadaye yule mama akaacha kuimba, akalea watoto wake, na sasa watoto wamekua ameanza tena kuzunguka na gitaa nyumba kwa nyumba.

"Nataka ubeti wa mwisho," akasema mume wangu. "Nikiusikia, sikio liende salama. Nisipousikia, haya matamasha nayafunga, nakaa hapo kama kabati."

Niliinuka kuchukua birika. Nikasimama nyuma yake, upande wa kushoto, nikasema kwa sauti ndogo, "Nitakuimbia mimi, kiziwi wangu. Wewe ndiye wimbo nilioujua." Akaendelea kukoroga chai.

Basi nikaapa kwamba Jumapili ile sebule yangu itakuwa ya kifalme. Mtu akisikia kwa mara ya mwisho, asikie amekaa vizuri. Niliongeza mito. Niliongeza zulia juu ya zulia. Na katikati nikaweka makochi ya daktari wa meno.

Ilikuwa seti kamili: kochi la watu watatu, la wawili, na mawili ya mtu mmojammoja, yote nimeyavika mahameli ya kijani na kuyajaza sponji nene kuliko zote nilizowahi kukata. Yalikuwa tayari kitambo. Daktari alishakuja kuyaulizia, nami nilishamwambia mlangoni, kwa uso wa huzuni, kwamba kitambaa hakijafika. Kilichobaki cha zamani kwenye seti ile kilikuwa mguu mmoja wa kochi kubwa, mguu wa nyuma, uliotafunwa na mbwa wake. Nilitaka kuubadilisha, akanikataza. Mbwa amekufa, akasema, na ule mguu ndio kumbukumbu yake. Nikasema moyoni, watu wana mambo, nikauacha.

Jumapili mchana Mama wa Mlango akafika. Kimama kidogo, kikavu, kitambaa kichwani, gitaa mgongoni limemzidi urefu. Mume wangu aliyekuwa amefanya mazoezi ya hotuba tangu asubuhi alimpokea kwa kusema "Karibu" mara nne na kumpa mkono wa kushoto. Yule mama akaingia sebuleni, akasimama katikati, akapiga kofi moja. Akatazama dari. Akapiga tena.

"Chumba chenu kimeshiba," akasema.

Nikamshukuru. Nilidhani ananisifu.

Wageni wakaja, wakavua viatu, wakazama. Kinyozi na mke wake, muuza vipuri, mwalimu wa hesabu na mama yake mzazi, fundi bomba na shemeji zake. Nilikuwa jikoni napanga vikombe nilipochungulia dirishani nikamwona daktari wa meno anaingia getini na mke wake, wamependeza, ameshika chupa ya juisi kama mgeni rasmi.

Nilimvuta mume wangu kwa shati, upande wa sikio zima. "Nani kamwalika yule?"

"Mimi. Aliponing'oa jino juzi. Mtu mwema sana yule, anastahili kusikia muziki."

"Mzee, unajua umekalisha wageni kwenye makochi ya nani?"

"Ya mteja."

"Mteja gani?"

Nikaona jibu linampanda usoni polepole, kama maji kwenye kitambaa.

Nilitoka mbio nikalirushia kochi kubwa shuka la kitandani, nikabeba kiti cha plastiki, nikampokea daktari mlangoni. Nikamwambia hiki ndicho kiti cha heshima, kimeandaliwa kwa ajili yake, karibu na dirisha, penye hewa. Akakaa, akashukuru. Mke wake hakunisubiri. Alikuwa ameshazama kwenye kochi kubwa, kando ya mama mzazi wa mwalimu, na anafunua shuka kwa kidole.

"Kochi zuri," akasema. "Baba, si linafanana na letu?"

"Makochi yote yanafanana," nikasema. "Ukishaona moja umeyaona yote."

Maneno hayo kutoka kinywani mwa fundi makochi, nadhani hata sponji ilishtuka.

Mume wangu akasimama katikati. Akatangaza kuhusu simu, karanga na kikohozi, na watu wakakohoa. Akaenda kwenye kigoda chake, akatega sikio. Mama wa Mlango akaanza, na moja kwa moja akaanza na wimbo wenyewe.

Mlango sijaufunga, mimi nimerudisha tu,
hodi usinipigie, sukuma kwa kidole tu.

Sauti yake ilikuwa nyembamba, imezeeka vizuri, haina haraka. Mimi niliyesimama mlangoni niliisikia, lakini ilikuwa kama inatoka chini ya blanketi. Nikamtazama mume wangu. Alikuwa amekaza macho kwenye midomo ya yule mama. Akasogeza kigoda. Akakisogeza tena, mpaka goti lake likagusa gitaa. Kisha akaacha kusogea, akaweka mikono juu ya mapaja, akakaa. Nimeishi na mtu huyu, najua mgongo wake unavyosema. Ulikuwa unasema basi.

Nilitaka kulia pale pale na kikombe mkononi, na ningelia, kama daktari wa meno asingekumbuka kuzima simu yake.

Aliitoa mfukoni, ikamteleza, ikaanguka chini, ikateleza nyuma ya kochi kubwa. Akapiga magoti kuitafuta. Alikaa kule chini muda mrefu kuliko simu inavyohitaji. Alipoinuka alikuwa mtulivu kabisa, akanijia mlangoni kwa ncha za vidole ili asiharibu wimbo, akaninong'oneza kwa sauti ile ile anayotumia kukuambia hutasikia maumivu.

"Fundi. Kitambaa kimefika?"

"Kimefika, Daktari."

"Meno yale nayajua. Nimeyapiga mswaki mimi mwenyewe, miaka yote."

Akatoka. Nikadhani ameenda kupoza hasira. Kumbe ameenda kwenye kona ya barabara, akarudi na wasukuma mkokoteni wawili wenye mabega mapana, akasimama mlangoni akasema samahani kwa hadhira yote, wimbo uendelee, yeye anachukua mali yake tu.

Mama wa Mlango alikuwa ameimba kwenye nyumba nyingi. Aliwatazama, akatikisa kichwa, akaendelea. Wale jamaa wakaanza na kochi la watu wawili. Shemeji za fundi bomba wakainuka bila kuambiwa, wakasimama na karanga zao walizokatazwa kuingia nazo. Kochi likapita juu ya vichwa vya watu likatoka. Yakafuata yale mawili ya mtu mmojammoja. Kinyozi alitolewa kwenye moja kwa heshima, kama mtu anayevuliwa koti.

Mimi nilikuwa namsihi daktari, daktari akisema tutaongea nje, na watu wakinong'ona. Lakini jicho langu moja halikutoka kwa mume wangu, na ndiyo maana nikaona. Kichwa chake kiliinuka.

Wakafika kwenye kochi kubwa. Mke wa daktari akasema yeye hainuki, amekuja kusikiliza na anasikiliza. Mumewe akamwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, kwa msisitizo. Hakutikisika, na mama mzazi wa mwalimu naye akamshika mkono asitikisike. Wale jamaa wakashauriana, wakalinyanyua kochi nao wakiwa juu yake, na wamama wale wawili wakasafirishwa mpaka mlangoni wameshikana mikono, wakiangalia mbele kama wako kwenye gari la harusi. Kwa kuwa mlango ni mwembamba walilazimika kushuka. Mke wa daktari akarudi ndani, akatandika kanga yake chini, akakaa.

Kochi kubwa lilipotoka, uzi mmoja wa gitaa ukalia. Sijui niseme vipi. Ulilia na ukaenda ukutani ukarudi. Mume wangu akaugeuza uso wake, akanyanyua kigoda, akakirudisha nyuma. Nasema nyuma. Mtu aliyekuwa akisogea mbele kila Jumapili mpaka amshikie mwimbaji gitaa, alirudi nyuma ili asikie vizuri.

Hapo akili ikanirudia. Mara ngapi nimewaambia wateja nikiipigapiga sponji yangu kwa kiburi: hii inameza kila kitu, mama, mlio wa springi, maumivu ya mgongo, ugomvi wa watoto, vyote inavimeza. Sikuwahi kufikiri kwamba itameza na nyimbo. Sikio la mume wangu lilikuwa bado lipo. Mimi ndiye niliyekuwa nalishindilia, mto baada ya mto, kwa mapenzi yangu yote na kwa kitambaa bora.

"Toeni vyote," nikasema.

Wasukuma mkokoteni wakamtazama daktari. Daktari akasema, "Haya mengine si yangu."

"Najua si yako. Shika pembe hiyo ya zulia."

Kuna sauti ambayo mwanamke akiitumia hata daktari hutii. Akashika pembe. Nikang'oa mapazia na vyuma vyake. Mwalimu wa hesabu alibeba marobota ya sponji mawili akiwa hajui sababu. Mito niliirusha dirishani mmoja baada ya mwingine, ikatua kwenye kona niliyotengea kuku. Wageni walidhani nimerukwa na akili kwa aibu ya makochi, na mke wa kinyozi akaanza kunifariji, nikamwambia ainuke, amekalia mkeka. Mama wa Mlango alikuwa ameshaacha kuimba. Alitutazama tu, mkono juu ya gitaa, na nadhani alikuwa anacheka.

Sebule ilipobaki saruji na kuta nne, akapiga kofi. Lile kofi likalia chumba kizima.

"Sasa chumba kina njaa," akasema.

Nikamwambia, "Dada, tafadhali anza mwanzo."

Akaanza mwanzo. Watu walikuwa chini, magoti kifuani, wakibadilisha upande wa kukalia kila baada ya mstari. Hapakuwa na hata mmoja aliyestarehe. Daktari hakuingia tena ndani. Nilimwona kupitia dirisha lisilo na pazia: mkokoteni ulikuwa umesimama hapo nje, kochi la kijani juu yake, naye amekaa katikati ya kochi lake jipya na msukuma mkokoteni kila upande, wote watatu kimya, wanasikiliza. Alikuwa na kiti kizuri kuliko wote siku ile, na haki yake.

Mume wangu alikuwa kwenye kigoda, macho ameyafumba. Hakutazama mdomo wa mtu. Kidole chake kilikuwa kinacheza juu ya goti, taratibu, kama zamani alipokuwa akizungusha kitufe kutafuta stesheni. Ukapita ubeti wa kwanza, ukapita wa pili. Palipofika mahali ambapo mtangazaji alikuwa akikata, alikunja uso, kwa mazoea, akingoja akatwe. Hakuna aliyemkata.

Macho yangu mlangoni, kumbe kitambo u ndani,
umekaa nyuma yangu, huniambii kwa nini.

Huo ndio ulikuwa mwisho. Uzi wa mwisho ukalia ukazunguka kuta mpaka ukachoka wenyewe. Watu wakapiga makofi, na katika chumba kile kitupu makofi yalikuwa kama mvua juu ya bati. Mume wangu hakupiga. Alikaa tu, machozi yanamtiririka, hayafuti, anatikisa kichwa kama mtu aliyerudishiwa kitu alichoibiwa ujanani.

Makofi yalipokwisha nikamsogelea kwa nyuma, upande wa kushoto, mahali pangu pa siku zote. Nilikuwa na furaha na nilikuwa na hasira, na sikuwa na mahali pengine pa kuyaweka yote mawili. Nikasema kwa sauti ndogo, kama kawaida, "Mzee mbishi wewe. Nakupenda mpaka naona haya."

Mgongo wake ukasimama. Hakugeuka.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu lini nini?"

"Tangu lini unaniambia maneno hayo huko nyuma?"

Kwa namna tulivyoikomba sebule ile, hakukuwa na neno lililoweza kujificha mle ndani. Mke wa daktari alikuwa amenitazama mdomo wazi, kana kwamba yuko kwenye kiti cha mumewe.

"Wewe si ulikuwa unatazama mlango," nikamjibu.

"Rudia."

Uso ulinipata moto. Nikamwambia kuna vikombe vichafu jikoni vinamsubiri.

Akainuka, akajifuta macho kwa mkono wa shati, akaenda kuviosha.